Mashine Iliyokataa Sala

Siku yangu ya kwanza benki, mjini Kitale, nilifika na viatu vipya vilivyonibana, nikasimama nyuma ya Keshia Mkuu asubuhi nzima bila kuambiwa nikae. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinifundisha kuhesabu noti kwa kidole gumba, kuzifunga mabunda, na jioni kubalansi, yaani kuhakikisha kwamba pesa zilizo kwenye droo zinalingana na kazi ya siku. Zisipolingana, hakuna kwenda nyumbani. Kuhusu wateja alinipa sheria moja. "Pesa ni yao, madam. Sisi tunawashikia tu." Niliiamini sheria hiyo kabisa, na imenisumbua kichwa mpaka nimestaafu.

Wakati ule foleni ya mwisho wa mwezi ilitoka mlangoni ikazunguka jengo. Wakulima wa mahindi wa kwetu Moi's Bridge walikuja wamebeba chai kwenye chupa, maana walijua siku imekwisha. Kwa hiyo mashine ya kutolea pesa ilipoletwa, tulishangilia. Mimi, kwa kuwa mdomo sikunyimwa, niliwekwa nje niwabembeleze watu waijaribu. "Ni bure kabisa!" niliwaambia mpaka sauti ikakauka. Wazee waliniuliza kama kuna karani amefungiwa ndani. Niliapa kwamba hakuna, ingawa kila asubuhi sisi makarani ndio tulioilisha. Kulisha ndivyo tulivyoita kazi ya kupanga noti ndani yake kupitia mlango wa nyuma.

Watu walipozoea, ada ikaja. Kila ukitoa pesa, unakatwa kidogo. Nilimwendea Keshia Mkuu.

"Si ulisema pesa ni yao?"

"Pesa ni yao. Mashine ni yetu."

"Na wanaokuja kaunta? Mbona hao wanakatwa hata zaidi?"

Alivua miwani akaifuta polepole. "Kaunta nayo ni yetu, bana. Enda uhudumie watu."

Nilienda, lakini sikuwa nimejibiwa.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, dawati la huduma kwa wateja, ambalo maana yake ni kukaa mahali ambapo kila mwenye hasira anakuona wewe kwanza. Mkubwa wangu hapo alikuwa Meneja wa Tawi, mwanamume mdogo kwangu kwa umri, suti imenyooka, beji inang'aa. Ada aliijua kama sala ya Baba Yetu. Mteja akilalamika, Meneja alimhesabia: umeme, karatasi ya risiti, askari wa mlangoni, gari linaloleta noti. "Hivyo vyote nani analipa, mzee?" Nikimsikiliza, nakubali. Mteja akisema, "Lakini ni pesa yangu," nakubali pia. Nilikuwa nakubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho, jambo la aibu kwa mtu aliyeajiriwa kuwaeleza wenzake.

Asubuhi moja askari aliingia mbio. "Madam, kuja uone. Kuna mama anaombea mashine."

Nilitoka. Alikuwa Mama Robai, muuza mboga wa Kamukuywa, mteja wetu wa miaka. Amefumba macho, kiganja kakiweka juu ya kioo cha mashine, na midomo inacheza. Foleni yote nyuma yake ilikuwa imenyamaza, wanaume wamevua kofia. Huku kwetu mtu akiwa kwenye maombi hakatizwi, hata kama umechelewa namna gani. Nilingoja mpaka aliposema "Amina," na foleni ikaitikia.

"Shida ni nini, mama?"

"Madam, imekataa. Huyu askari amenisomea, ati sala yangu haitoshi. Nimeongeza, na bado inakataa."

"Mimi nilisema salio!" askari akalalamika. "Salio yako haitoshi!"

"Si ndio hiyo nasema?"

Watu walicheka, nami nilikaribia kucheka, mpaka nilipoiangalia akaunti yake. Salio ni zile pesa zilizobaki ndani, na lake lilikuwa karo kamili ya binti yake Nelima, aliyeitwa chuo cha uuguzi. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa hiyo hiyo, katika benki nyingine ng'ambo ya barabara. Mama aliogopa kubeba pesa njiani, kwa hiyo asubuhi alimpa wakala wa benki huko Kamukuywa zote aweke, hadi shilingi ya mwisho. Kuweka hakukatwi, kutoa kunakatwa. Alichopungukiwa ni ada peke yake, kitu kisichofika bei ya soda, na mfukoni hakuwa na chochote.

"Leo ikipita, hiyo nafasi watapea mtoto mwingine," alisema.

Nilikimbilia kwa Meneja. "Sir, ondoa ada, mara hii tu."

"Siwezi. Inakatwa na mtambo wa Nairobi."

"Basi nimwekee mimi."

"Unajua sheria. Mfanyakazi hampi mteja pesa zake binafsi, si mkononi wala kwa akaunti."

Nilisimama pale nikimchukia waziwazi. Alitazama dirishani, akamwona Mama Robai, kisha akavua beji, akaitia mfukoni. Akavua na koti. Akatoka, akamwomba mama kadi yake, akaingia tena kwa mlango wa wateja na kupanga foleni ya kaunta nyuma ya mzee mmoja mwenye gunia. Keshia alipomwona alisimama wima.

"Keti," Meneja akamwambia, akimsukumia sarafu zake. "Mimi ni mteja. Weka hii kwa akaunti ya huyu mama."

Mama aliporudishiwa kadi, mashine ikatoa noti. Mama Robai alipiga kelele, "Bwana asifiwe!" akavuka barabara mbio bila hata kumtazama Meneja.

Nilimfuata ofisini. "Sir, hii ada ni haki ama si haki?"

"Ni haki."

"Basi mbona umemlipia?"

Alihangaika na pini ya beji, ikakataa kuingia kwenye shati. "Madam, si wewe ndiye umekaa benki kuliko mimi? Nilidhani wewe ndiye ungenieleza."

Hatukulizungumzia tena. Nilistaafu nikiwa bado pale dawatini, na malipo yangu ya uzeeni yanapita kwenye mashine ile ile, na yanakatwa. Vijana hunikuta kwenye foleni, hunisalimu kama bibi yao na kuniuliza: "Niaje, shosh, wewe ulikuwa ndani. Hii kukatwa ni sawa kweli?" Nawaanzia na umeme na gari la noti, kisha nafika kwenye pesa zao, napotea katikati. Wananiacha nikiongea.

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Robai sokoni Kamukuywa. Nelima ni muuguzi sasa, yuko Cheptais. Mama aliniambia alishatoa ushuhuda kanisani, jinsi Mungu alivyoilipa benki. Nilitaka kumwambia ni Meneja, nikaona sijui nianzie wapi.

"Na bado wanakata?" akauliza.

"Wanakata, mama."

"Hata wewe? Na ulikuwa mtu wao?"

"Hata mimi."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuonewa na mteja yeyote. Akafungua fundo la leso yake, akanitia sarafu kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Shika, mwanangu. Ya kukatwa."

Niliipokea. Nililia hadi nyumbani, na sijui nilikuwa nalia nini.