Raia Sita kwa Taa Moja Nyekundu

Ujuaji wangu nusura umkoseshe shemeji yangu kazi. Huyu ni mdogo wake mume wangu, dereva anayewapeleka wagonjwa wa figo hospitali. Askari alimwandikia kosa la kupita taa nyekundu hapa Garland, Texas. Yeye akashikilia kwamba ilikuwa ya njano. Kampuni ikamwambia wazi: kosa likithibitika, arudishe ufunguo wa gari.

Tukakaa kikao sebuleni kwangu, maana Watanzania hatuwezi kupata shida bila kuiundia kamati. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilikuwa nikiwafundisha wenzetu katiba ya Marekani kwa ajili ya mtihani wa uraia, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani.

"Shemeji, mimi nataka jury," akasema. "Raia wa kawaida wanisikilize."

"Jury kwa tiketi ya barabarani? Hiyo ni ya kesi nzito, Supreme Court walisha-decide. Wewe ka-plead guilty tu, uombe huruma."

Nikaongeza kwamba hata nyumbani wazee wa baraza waliitwa kwa kesi za mauaji, si za taa. Kamati nzima ikaniunga mkono.

Jumatatu asubuhi nikampeleka mahakamani mwenyewe, ili akiri tumalize. Karani dirishani akamuuliza: jaji au jury? Nikadakia kumwelimisha. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema niko sawa kwa katiba ya taifa. Lakini Texas ina katiba yake, na hiyo inampa mshtakiwa jury hata kwa kosa la faini tu. Taifa haliruhusu jimbo kumpa mtu haki pungufu ya zile za taifa. Kumpa zaidi ni ruksa.

Masikio yaliniwaka moto. Miaka yote nimeishi Texas, na katiba ya Texas sijawahi kuifungua hata ukurasa mmoja.

Shemeji akachagua jury. Wiki kadhaa baadaye raia sita waliketi mbele yake, mmoja bado na sare ya kazi ya ghala. Askari akaeleza. Shemeji naye akaeleza. Wale sita wakatoka kushauriana, wakarudi kabla sijamaliza dua yangu: hana hatia.

Nje, shemeji alikuwa kwenye simu na bosi wake, akiandika kiganjani saa za kuwachukua wagonjwa wa kesho. Alipokata, akanishukuru kwa kumsindikiza, akaniita mwalimu wake, bila kejeli hata kidogo. Heri angenitukana.