Alieleza Mara Moja Tu

Hapa Masisi hakuna habari inanipita. Hata ng'ombe ikizaa, ninajua mbele ya mwenyewe. Juma iliyopita, kwenye kituo cha afya, nilikuta mama mumoja muuza maziwa, uso umevimba. Bwana yake alikuwa ameapa kumumaliza na panga.

Nikamupa shauri: "Mama, tayarisha miguu. Utapita polisi, kwa chefu, kwa avoka mwenye kutetea watu kortini, na kila mulango utaeleza upya."

Mama muganga akapiga simu tu. Polisi mwanamuke, chefu na avoka wakakuja wenyewe, wakaketi naye kwenye benchi moja.

"Eleza mara moja tu, dada. Sisi wote tunasikia," polisi akamuambia.

Alipoanza kueleza, nilijikuta nimevua kofia. Alipomaliza, polisi akaenda kumutafuta bwana, avoka akaandika, chefu akaahidi kuchunga ng'ombe za mama. Pikipiki ikamubeba mama na watoto wake.

"Wanaenda wapi?" nikauliza.

"Ile mudomo yako ndiyo tunaogopa, Papa," mama muganga akanijibu.

Jana ndugu ya bwana yake alinilipia bia mbili, akaniuliza mama iko wapi. Nilikunywa zote. Sikuwa na kitu cha kumuambia, na kwa mara ya kwanza nikamushukuru Mungu kwa kutojua.