Mafuta ya Ng'ombe Juu ya Prosesa

Kaka yangu Shyaka ananitia kinyaa. Nasema mapema, ili asiyependa kusikia dada akimsema kaka yake aende zake.

Ana studio ya filamu za arusi huku Mubi, kibanda cha mbao chenye jenereta mlangoni, na ndani mna kompyuta yake ya mezani. Yeye na mashine hiyo ni chanda na pete. Kuku wakiingia humo huacha vinyesi vyao, sahani za juzi zinaota ukungu chini ya meza, na mashine imevuliwa bati la ubavuni ili ipumue, matumbo nje, vumbi limegandamana kwenye feni kama manyoya ya panya aliyelowa. Nilipokuwa na mimba nilimsalimu nikiwa nimesimama nje, pua nimeziba kwa kitenge.

Prosesa ndicho kipande kinachofanya hesabu zote za mashine. Kimetengenezwa kwenda mwendo wake, lakini Shyaka hukilazimisha kiende zaidi, ili filamu ya arusi itoke kabla maharusi hawajaanza kugombana. Kikilazimishwa kinachemka, na kikichemka mno mashine inajizima yenyewe. Kwa hiyo juu yake hukaa chuma cha kupozea chenye feni, na katikati hupakwa dawa laini, mafundi huiita pâte, ili moto utoke kwenye prosesa uingie kwenye chuma.

Ng'ambo ya barabara yuko Karangwa, mwenye kazi ileile na majivuno yaleyale. Wakakubaliana kulinganisha: filamu moja, mwendo mmoja, tuone prosesa ya nani itachemka kidogo. Karangwa alikuwa na pâte ya Goma. Ya Shyaka ilikuwa imekwisha, na barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Akajaribu dawa ya meno. Ikakauka ikawa kama chokaa, joto likapanda hadi digrii tisini na tano, mashine ikazimika, na watu waliokuwa kwenye benchi wakamcheka. Hapo ndipo alipokumbuka mafuta ya Mama.

Mama yetu, Mukashema, alifuga huko Karuba. Kwetu mtoto akizaliwa, bibi yake humpaka mafuta ya ng'ombe, yale yatokayo kwenye maziwa, aliyoyatikisa katika kibuyu kwa mikono yake mwenyewe, akimwita jina. Ng'ombe wetu waliporwa vitani, akabaki mmoja, na kwa maziwa ya huyo Mama alitikisa kibuyu chake cha mwisho, akijua kwamba hataishi kumpaka mtoto wangu. Mafuta aliyatia katika chungu kidogo, akakifunika kwa jani la mgomba, akamkabidhi Shyaka aniletee. Hakukawia kufa. Shyaka akakiweka chungu kwenye rafu ya studio, kando ya nyaya, na kila nilipomwuliza alisema atakileta kesho.

Yaliyofuata nilielezwa na Natacha, anayeuza chai mlangoni kwake. Tone dogo kama punje ya haragwe lilitosha. Prosesa ya Shyaka ikasoma sabini na nane, ya Karangwa themanini na mbili, watu wakapiga makofi. Lakini mafuta ya ng'ombe ni chakula. Yalipopata moto yaliyeyuka yakatiririka, joto likaanza kupanda, naye akazima, akafungua, akapaka tena. Yakashuka juu ya nyaya, yakachanganyika na vumbi na mende waliokaangika, yakanuka kuchacha na kuungua kwa pamoja, hata Natacha akatapika. Shyaka hakuacha, maana Karangwa alikuwa anatazama. Filamu baada ya filamu alichovya kidole, mpaka chungu kikabaki kikavu.

Nilijifungua msichana. Shyaka alipokuja kumwona, moja kwa moja kutoka studio, mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kumwogesha, na mtoto alikuwa uchi mapajani mwangu, akingoja kupakwa. Nikauliza chungu kiko wapi.

"Ilikwisha, dada," akasema. "Lakini ile mafuta ya Mama ilishinda pâte ya Karangwa. Watu yote waliona."

Alikuwa anatabasamu. Ningependa kusema nilihuzunika, lakini huzuni ilikuja baadaye. Wakati ule nilichefukwa tu, kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kutafuna. Nilimwambia kwamba mbwa angeyalamba mafuta yale kwa heshima zaidi. Tabasamu likamtoka. Akainama, akatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza nadhani alielewa alikuwa akichovya kidole katika nini.

Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, kucha zimejaa uchafu unaong'aa. Mama mkwe akaleta beseni na sabuni, asije akamgusa mtoto hivyo. Shyaka alipopita mbele yangu kulifuata beseni, nikanusa. Chini ya harufu ya kuungua kulikuwa na harufu ya kibuyu, na ya moshi wa jikoni kwetu Karuba.

"Usinawe," nikamwambia. "Kuja hapa."

"Byukusenge, mikono yangu iko muchafu."

"Hiyo njo mafuta ya Mama ilibakia. Mupake mutoto, na umwite Mukashema."

Akampaka utosini, akamwita jina la Mama. Mimi nikageuza uso ukutani ili nisitapike.