Zaina na Kompyuta Zisizopiga Hodi

Katika nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Yusufu mshona kanzu, mgeni alipiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu aligeuka akaenda zake, hata kama alisikia sufuria zikigongana ndani. Watoto wake wote walilelewa hivyo, lakini aliyeishika sheria hiyo kuliko wote ni Zaina, kitinda mimba, dada wa marehemu mume wangu Hamadi. Zaina hugonga mlango wa chumba chake mwenyewe kabla ya kuingia. Wanangu humwuliza shangazi yao, “Tantine, unamwogopa nani humo?” Naye hujibu, “Pengine kuna mende amevua nguo.”

Ninaandika habari zake mimi mwenyewe, kwa kuwa mji huu wa Kisangani husema upesi, nami sipendi jina la nyumba yetu lisemwe na wasiolijua.

Aliolewa Bafwasende na mfanyabiashara wa dhahabu, ndoa ikavunjika, akarudi na sanduku moja na kichwa kilichosimama wima. Nilikuwa nimeshafiwa na Hamadi. Nilimpa chumba cha nyuma, nikamwambia kwamba katika nyumba hii hakuna anayekaa akilia. Akajifunza kompyuta. Alipohitimu alifungua kibanda mtaani Mangobo, kati ya mwuza makayabu na fundi wa matairi. Watu walikuja kuchapa barua, wakaleta na mashine zao zilizokufa. Alinuka samaki wa chumvi kila jioni, na kazi yake ilikuwa safi.

Ruffin alimjua kupitia kazi hiyo. Ruffin ana duka katikati ya mji, kioo mbele, kibao kikubwa chenye jina lake. Chuo kimoja cha binafsi kilimpa kazi ya kuandaa ukumbi mzima wa kompyuta, naye, kwa kuwa hakuijua, akamwita Zaina aifanye.

Alinieleza kazi hiyo tukichambua sombe, majani ya muhogo. Unatengeneza kompyuta moja vizuri, kila kitu mahali pake. Hiyo anaiita mama. Kisha unachukua nakala ya mama na kuimwaga katika nyingine zote, nazo zinakuwa watoto wanaofanana naye. Lakini mtoto akiamka mara ya kwanza, lazima msimamizi aingie, mwenye funguo zote, amalizie mambo yaliyobaki. Je, akae aandike jina na neno la siri kwenye kila mashine? Hapana. Anaacha maagizo ndani ya nakala: amka, jiingize mwenyewe kama msimamizi, maliza kazi, kisha, agizo la mwisho, futa neno la siri na ufunge mlango.

“Donc, yaani inaingia bila hodi,” nilisema.

“Mara moja tu, yaya,” alinijibu, maana huniita hivyo kama dada mkubwa. “Kama mkunga. Nani anamwambia mkunga apige hodi? Lakini mtoto akishazaliwa, mkunga anatoka.”

Siku ya kukabidhi ukumbi nilialikwa, kwa sababu mkurugenzi wa chuo, Séverin, nilimfundisha Kifaransa alipokuwa bado anapangusa kamasi kwa mkono wa shati. Nilikaa mstari wa mbele. Ruffin alikuja na koti jipya. Zaina alisimama karibu na ukuta, ameshika waya.

Ruffin alibonyeza kitufe cha kompyuta moja, akarudi nyuma, akakunja mikono. Mashine ikaamka, ikajifungua yenyewe, na kwenye kioo yakatokea maneno ya kumkaribisha: Bienvenue Ruffin. Wageni wakapiga makofi. Akawasha ya pili, ya tatu. Zote zilimkaribisha yeye kwa jina lake.

Nilimwona Zaina akifumba macho.

Séverin aliuliza, “Na yule mama mwenye waya ni nani?”

“Yule? Iko mutu wa kufunga waya tu,” Ruffin alisema. Kisha akacheka. “Lazima kuwachunga, Directeur. Hawa, babu zao waliingia mu mji huu bila hodi.”

Watu wakacheka, maana kila mtu hapa anajua kisa cha Waislamu wa zamani waliokuja na misafara ya watumwa. Wengine walinitazama, nikiwa na mtandio wangu na jina langu la ndoa, kisha wakacheka polepole zaidi. Séverin alitazama viatu vyake. Nilimtazama Ruffin kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jibu la uongo kwa wino mzuri.

Njiani Zaina alinieleza alichokiona. Ruffin alitaka mashine zijifungue zenyewe mbele ya wageni, apate sifa. Kwa hiyo alikwenda kwenye nakala ya Zaina, akaondoa agizo la mwisho, akaweka jina lake na neno lake la siri, akaimwaga upya kwenye ukumbi wote.

“Mkunga hajatoka,” alisema. “Kila mwanafunzi atakayewasha mashine ataingia kama msimamizi. Atafungua mpaka kabati la alama za mitihani. Nimpigie simu, yaya? Watoto wa watu wataumia.”

Kama ningemwambia anyamaze, aibu ingekuwa yetu. Kama ningemwambia ampigie simu, Ruffin angesahihisha kimya kimya na tusi lingebaki juu ya kaburi la Mzee Yusufu. Nilifikiri mpaka tukafika nyumbani.

“Usipige simu,” nilimwambia. “Nenda kwa miguu yako. Piga hodi mara tatu, kama baba alivyokufundisha, na kila mara wawepo watu wanaosikia. Asipoitika, rudi.”

Zaina alifurahi. Alidhani ninamwonea Ruffin huruma. Mimi nilimjua Ruffin: mtu anayejipigia makofi hasikii mlango.

Alikwenda kwanza dukani, mbele ya wateja. “Hodi, papa Ruffin. Mashine zinabaki wazi. Rudisha agizo la mwisho.” Ruffin alimwambia mteja, “Unaona? Wivu iko inatembea na miguu.” Zaina akaenda tena kwenye kanisa la Ruffin, baada ya misa, mbele ya mke wake. Ruffin akapita kama hakumwona. Mara ya tatu ilikuwa ofisini kwa Clothilde, katibu wa chuo, Ruffin alipokuja kuchukua karatasi zake. “Hodi ya tatu,” Zaina alimwambia. “Sitarudi.” Ruffin akajibu, “Na nani alikuita?”

Zaina akarudi kwenye kibanda chake.

Alama za muhula zilibadilishwa kabla ya mwezi kwisha. Mvivu mmoja alijikuta wa kwanza katika hesabu, na binti mwenye bidii kutoka Yahuma, ambaye ukoo mzima ulilima ili asome, alikuta sifuri kila mahali. Wazazi walijaa uani. Séverin alimwita Ruffin, na Ruffin akasema alichotarajiwa kusema: ni Zaina aliyeacha mlango wazi, hawa watu ni hivyo.

Clothilde alisimama. “Huyo mama alipiga hodi mbele yangu. Ulimwuliza nani alimwita.” Kisha akawasha kompyuta iliyokuwa karibu, wazazi wakitazama. Ikajifungua yenyewe. Bienvenue Ruffin. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, “Ruffin ni nani hapa?”

Kesho yake alasiri Ruffin alikuja kwetu. Koti hakuwa nalo. Tulikuwa sebuleni, mimi na Zaina, na chai mezani.

“Hodi,” alisema barazani.

Zaina akainuka. Nikamshika mkono.

“Hodi, mama. Nakuomba Zaina aseme neno moja kwa Directeur. Wazazi wananivunjia duka.”

Jirani zetu walikuwa wametoka nje, kama nilivyojua watatoka. Nilikoroga chai yangu kijiko kikagonga kikombe, ili asikie kwamba tupo.

“Hodi,” alisema mara ya tatu, kwa sauti ndogo kabisa.

Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Zaina aliuchomoa mkono wake. “Baba hakutufundisha hivi. Mtu akipiga hodi anaitikiwa.”

“Sheria ya baba ni ya anayesimama nje,” nilimwambia. “Aliye ndani ana hiari yake.”

Hakunisemesha siku nyingi. Alikwenda chuoni, Séverin alipomwita kwa heshima, akafuta kila kitu na kutengeneza mama mpya. Alama za binti wa Yahuma zikarudi. Sasa kompyuta zile zikiwashwa hukaa kimya, zikingoja mtu aseme yeye ni nani, na hazimkaribishi yeyote kwa jina.

Nasikia Zaina amempa Ruffin kazi ndogo ndogo, kufunga waya. Hajaniambia, nami sijamwuliza. Akipita barazani kwangu, Ruffin huinamisha kichwa na kutembea upesi. Kiti changu nimekiweka palepale, anione kila apitapo.