Nyumba ya Kariakoo Yenye Mabawa

Mchoro wa ndege mpya ulipokunjuliwa mezani, wenzangu wa shirika la ndege waliangalia injini. Mimi niliangalia viti: vitatu huku, vitatu kule, na katikati njia moja nyembamba toka mlango wa mbele hadi choo cha nyuma. Nikasema, "Hii si nyumba yetu imewekwa mabawa tu?" Mkuu wetu wa idara hakucheka. Yeye alikaa Upanga, nyumba nzima peke yake na familia, hakujua adha ya ukumbi wa wapangaji.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Siku hizi pale pana ghorofa la maduka, nikipita natazama pembeni maana roho inaniuma. Ilikuwa na vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Nilipanga chumba cha mbele. Chumba kilichotazamana na changu alikaa mjane mmoja wa Masasi na binti yake. Mama huyo aliuza samaki wakavu Shimoni, kule chini ya soko jipya, na alikuwa na ulimi. Kila asubuhi nikitoka na shati langu la pasi kwenda ofisini Posta, ananiuliza, "Vipi baba, ndege zenu zimeshajifunza kutua?" Nacheka mpaka kituo cha basi. Halafu nikamwoa binti yake, na siku hiyohiyo nikampoteza mama.

Hakufa. Alikuwa mkwe. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja wala hawakai bega kwa bega. Tangu harusi, maneno yake yote kwangu yalipitia kwa mke wangu, hata kama kilichotutenga ni pazia tu. "Mwambie mwenzio bomba limekauka." Nami nasikia kila neno. Kuhama tungehamia wapi, wakati vyumba mjini vilikuwa adimu kuliko sukari? Basi tukajiwekea utaratibu. Akitaka kupita ukumbini anakohoa mara moja, nami narudi chumbani. Nikikohoa mimi, anasubiri yeye. Shikamoo yangu ilitokea nyuma ya pazia na marahaba yake ikarudi vivyo hivyo. Utani wake niliukosa kama mtu anavyokosa chumvi.

Sasa turudi kwenye ndege. Wauzaji wa ng'ambo walitaka tuwaambie abiria watatoka wapi, na mkuu akatutuma Kariakoo tukaulize watu kama watapanda. Wenye maduka ya jumla waliuliza inabeba magunia mangapi. Akina mama wa sokoni waliuliza swali moja tu, "Nitakaa na nani?" Tuliwacheka, tukarudi Posta kuripoti kwamba watu wako tayari.

Kikaoni kukawa na mabishano. Mmoja alitaka daraja la kwanza lenye pazia. Mwingine akamuuliza, katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, hao wakubwa wanaficha nini huko mbele, pilau? Pazia likafa pale pale. Wengine walitaka viti vitano kwa mstari, watu wajinyooshe. Mimi nilikipigania kile cha sita, cha katikati. Nilisema viti vikizidi nauli itashuka, na nauli ikishuka hata muuza samaki atapanda. Nilikuwa namfikiria mama mkwe, sioni haya kusema. Masasi alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, na kila masika Rufiji ikifurika barabara ya kusini inakatika. Nikashinda. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Masika yaliyofuata baada ya ndege kufika, habari ikaja kwamba dada mtu yu hoi. Barabara imekatika, meli haijulikani itaondoka lini. Mke wangu alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, na mama hajawahi kupanda chochote kinachoiacha ardhi. Nikasikia nyuma ya pazia, "Mwambie mwenzio anipeleke nikamwone angali hai." Nilikimbia ofisini nikapata nafasi mbili za mwisho za Mtwara. Tulipoingia ndegeni ndipo nilipoona ni zipi: dirisha, na kile kiti changu cha katikati.

Mama aliviona, akasimama, akajifunika khanga usoni. Abiria wakajazana nyuma yake. Pale hapakuwa na chumba cha kurudi wala uani pa kupishana. Mhudumu, binti wa Kilimanjaro mwenye adabu zake, akamsihi akae.

"Siwezi, mwanangu. Bora nishuke."

Na angeshuka. Nilimjua. Angeona afadhali arudi Kariakoo asubiri habari ya msiba kuliko kuninyima heshima yangu mbele za watu. Kumsemesha sikuweza, ningezidi kuharibu. Nilitazama sakafu, nikiichukia hesabu yangu yote ya nauli.

Mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia, mfanyabiashara wa vitenge kwa nilivyomwona, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Mkwe?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Si mngesema mapema. Baba, nenda nyuma kabisa. Mzee wangu hapo kando yangu, wewe mpishe huyu mama. Mama, njoo ukae na mimi."

Watu wakainuka bila kuuliza, mstari baada ya mstari, wakahama na vikapu vyao mpaka mimi nikaangukia kiti cha jirani na choo. Tulipotua Mtwara nilibaki nimekaa. Kutoka mbele nikasikia kikohozi kimoja. Nikainamisha kichwa mpaka akashuka.

Nilimfikisha Masasi kwa gari la kuomba, nikapewa malazi nyumba nyingine, kama inavyotakiwa. Yeye aliingia kwa dada yake na hakutoka mpaka tulipozika.

Ndege ya kurudi ilikuwa nusu tupu, kwani masika watu wa kusini hawana cha kuuza, jambo ambalo uchunguzi wetu haukutuambia. Nikawahi nyuma, dirishani. Kikohozi kikasikika, nikainamisha kichwa. Lakini safari hii kilikuwa kinasogea. Mama mkwe akaja hadi mstari wangu, akakaa kiti cha njiani, akaweka kikapu chake kwenye kile cha katikati. Akatazama mbele.

Tulipokwisha kupanda juu ya mawingu akasema, "Nilimkuta anaongea, baba. Tulicheka, tukalia, akanibariki."

Hakusema mwambie mwenzio. Nami nikageukia dirisha.

Magurudumu yalipogusa lami ya Dar es Salaam, akachukua kikapu chake na kukipakata. "Naona ndege zenu zimejifunza kutua," akasema.

Niliendelea kutazama dirishani, kwa sababu nilikuwa nalia, na mkwe hatazamwi usoni.