R Yenye Mguu

Jina la seva zetu nililitoa mimi mwenyewe, na nilijivunia kweli: RUVUBU, mto wa kwetu Ngara. Seva zilikuwa mbili, zimekaa ofisini kwetu Biharamulo, lakini watu walizijua kwa jina hilo moja tu. Moja ikizimika, ya pili inadaka jina na kuendelea na kazi, wala hujui kama kuna kilichotokea. Miaka ile ya wakimbizi, humo ndimo yalimokuwa majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao, kutoka kambi zote.

Asubuhi hiyo mashine zote mbili zilinguruma vizuri, ila jina likagoma. Linajaribu kwenye seva ya kwanza, linakataa. Linahamia ya pili, linakataa, halafu linabaki na alama nyekundu. Na kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja Mrundi, aliyeitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini. Alimtafuta mwanawe waliyepotezana naye mpakani. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha siku hiyo tu na gari lingemrudisha saa nane. Kupata kibali kingine, loh, ni kuomba na kusubiri mpaka uchoke.

Nikakagua nyaya, nzima. Nikaiita seva kwa namba yake, ikajibu papo hapo. Nikaiita kwa jina, kimya, na orodha ya watoto ilifunguka kwa jina tu. Hapo nikajua ugomvi uko Ngara, kwenye mashine inayotunza majina ya kompyuta zote. Ilikuwa imeharibika wiki ile, na mwenzangu wa huko, Msukuma wa Shinyanga, aliyaandika majina upya huku mimi nikimsomea kwa redio. Nikamwita.

"Jina la seva zangu lipo?"

"Lipo, dada. Naliona hapa. Luvubu."

"Mbona halipatikani? Angalia tena!"

"Luvubu, dada. Usinifokee bwana."

Nilimfokea vilevile. Tulishazoeana mno, masikio yangu yalikuwa yanamsahihisha yenyewe bila kuniuliza. Nikazima, nikawasha, nikamlaumu fundi umeme ambaye hata hakuwepo. Saa sita ikapita. Mama akawa anageukia dirishani kila gari likinguruma nje, nami nikashikwa na hasira za mtu mwenye woga.

"Nisomee herufi moja moja," nikasema.

"El..."

"Ngoja! El ya nini?"

"Ya Lusumo, pale kwenye maporomoko."

"Eti Lusumo! Hiyo herufi ina mguu wa kuegemea au haina?"

"Haina, dada. Imekaa chini tu."

"Mungu wangu! Weka yenye mguu!"

Akafuta, akaandika upya. Nikaliamsha jina, safari hii likakubali, alama ikawa ya kijani. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu. Redioni Msukuma alicheka mpaka akakohoa, akasema sisi Wahangaza wa Ngara tunapenda sana hiyo R yetu.

Mama akanitajia jina la mwanawe. Nalo linaanza na R. Nikaliandika, nikatafuta. Hakuna. Nikarudia. Hakuna. Akainuka taratibu, akaanza kujifunga kanga yake, na roho iliniuma jamani, niliona aibu hata kumtazama. Ndipo nikakumbuka kuuliza redioni: haya majina ya watoto aliyaingiza nani?

"Mengi niliingiza mimi, dada."

Nikafuta R, nikaweka L. Akatokea! Mtoto wa kiume, yuko kambi ya upande wa Ngara, mzima. Nikalisoma jina kwa sauti kama lilivyoandikwa.

"Huyo si wangu," mama akasema.

Nikamsomea jina la mama wa mtoto, kisha la kilima walikotoka. Akashika meza kwa mikono yote miwili. Nikamwomba radhi, nikamwambia jina limekosewa, nitalirekebisha sasa hivi. Akacheka, machozi yanamtiririka.

"Acha, mwanangu. Wamwite wanavyotaka, mradi anaitika."