Pancha Saba na Mkono wa Baba

Nilipokuwa na miaka tisa nilipitisha siku tatu bila usingizi wa maana, nikijiuliza swali ambalo sikuweza kumwuliza mtu yeyote: je, mkono wa baba unaweza kukosea?

Swali hilo lilinirudia juzi, niliposhuka stesheni ya Nakuru na sanduku langu la vitabu vya chuo. Injini ya makaa, mojawapo ya zile chache zilizobaki, ilikuwa ikisukuma mabehewa kwenye reli ya pembeni, na moshi wake ukaniingia puani. Nikasimama katikati ya watu kama aliyepoteza tikiti. Harufu ile, rafiki yangu, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Ilikuwa kwenye blanketi, ilikuwa kwenye uji wa wimbi, na Jumapili ilikuja nasi kanisani hata baada ya nyanya kunisugua masikio mpaka yakawaka moto.

Tuliishi landi, zile nyumba za chumba kimoja kimoja walizojengewa wafanyakazi wa reli. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja, na foleni yake ilianza kabla ya jua. Mchana upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, likatua juu ya nguo tulizoanika, na nyanya akalitukana ziwa kwa lugha ya kwetu magharibi, kwa sababu alisema Kiswahili hakina matusi ya kutosha. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchagua mawe kwenye maharagwe. Nilichukua muda mrefu kuliko mtoto yeyote wa landi, maana kila jiwe nililolitupa nilianza kuwa na wasiwasi kwamba pengine lilikuwa haragwe.

Baba alikuwa mtia makaa. Alisimama nyuma ya dereva wa gari la moshi na kulisha moto kwa sepetu, kutoka Nakuru hadi mwisho wa safari na kurudi. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa ziwani, mbali na shedi ya injini, kwa hiyo alinunua baiskeli. Baiskeli ile nyeusi ililala ndani pamoja nasi. Sisi tulijipanga kuizunguka. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na msichana hakuruhusiwa hata kuifikiria.

Kisha zikaanza pancha. Ya kwanza ilimpata baba karibu na geti la landi. Ya pili, karibu na geti. Ya tatu, karibu na geti, mita chache kutoka mahali alipokaa fundi wa baiskeli, jirani yetu, juu ya debe lililopinduliwa. Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno. Mimi aliniita Mwalimu kwa sababu nilitembea na kitabu, na kila nilipopita aliniuliza kama serikali imeshanipa fimbo.

Sasa, baba hakupenda kumwachia mtu gurudumu lake. Pancha ikitokea, alirudi nyumbani, akafungua tairi upande mmoja, akavuta tyubu, akaivaa shingoni na kuipeleka kwa fundi peke yake.

"Mzee, lete gurudumu," fundi alimwambia kila mara.

"Gurudumu halina ugonjwa. Ziba tyubu."

"Wewe unaumwa tumbo, halafu unamtumia daktari shati lako?"

Watu wa getini wakacheka. Baba hakucheka. Pancha ya nne akaiziba mwenyewe, nyumbani, karai la maji katikati ya chumba, sisi wote tumeinamia mapovu. Kabla ya kurudisha tyubu alipitisha kiganja chake ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, macho ameyafumba kama anayesali. "Safi," akasema. "Hakuna mwiba, hakuna msumari. Huyu fundi anamwaga miiba njiani apate kazi."

Nyanya hakukubaliana. Yeye alisema baiskeli inaonewa wivu, na akataka mchungaji aje kuiombea. Baba akasema mchungaji haombei vyuma. Nyanya akauliza mbona alikiombea kinanda cha kanisani. Walibishana hivyo mpaka ugali ukapoa.

Pancha ya tano, ya sita, ya saba. Msimamizi wa baba kule shedi akamwonya juu ya kuchelewa. Jumatano hiyo baba aliingia ndani, akafunga mlango na kutuambia kwamba amemshtaki fundi kwa nyapara wa landi. Jumamosi asubuhi nyapara angekuja kuamua, na mpaka siku hiyo baba angekwenda kazini kwa miguu. Fundi akionekana na hatia angeondolewa getini, na mtu wa miaka ile akikosa kazi alikosa pia kibali cha kukaa mjini. Hiyo ilimaanisha kupanda lori na mkewe na masanduku, na kwenda popote atakakoambiwa. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeshaona malori hayo.

Jioni hiyo hiyo baba aliacha tyubu juu ya kiti ikauke gundi. Nilichukua rula yangu ya shule nikaanza kupima, si kwa akili yoyote, ila kwa vile sikuweza kukaa karibu na kitu bila kukipima. Viraka vilikuwa mahali pawili tu. Vinne vilipandana kama magamba ya samaki, inchi tisa kushoto kwa valvu. Vitatu vilipandana inchi tisa kulia kwa valvu. Sehemu nyingine yote ilikuwa nzima. Nikawaza, basi fundi ana shabaha ya ajabu! Anatupa miiba chini, na miiba inachagua inchi.

Asubuhi nyanya alikuwa na haraka ya foleni ya maji, akavaa sweta yake ndani nje. Sweta hiyo ilikuwa na kiraka cha kijani kwenye kiwiko cha kushoto. Nikaona kiraka kiko kulia. Nilimfuata mpaka mferejini nikimtazama mkono, akanigeukia.

"Kwani nina nyoka?"

"Nyanya, kiraka chako kimehama."

"Mungu wangu, mtoto huyu ataugua," akawaambia wanawake wa foleni, akaivua na kuivaa sawasawa. Kiraka kikarudi kushoto.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo usingizi uliponitoka kabisa. Baba alirudisha tyubu ovyo, leo upande huu, kesho upande ule, kama sweta ya nyanya. Hakukuwa na vitobo vya mahali pawili. Kulikuwa na kitu kimoja, kimekaa ndani ya tairi, inchi tisa kutoka kwenye valvu, kinangoja baba aketi na kuendesha mpaka getini. Lakini baba alikuwa amepitisha mkono pale mara nne na kusema safi. Mkono ule ulibeba moto! Kama rula yangu ilisema kweli, mkono ulisema uongo. Kama mkono ulisema kweli, mimi ni mtoto anayemtetea fundi dhidi ya baba yake. Na je, kama kitu kilikuwepo, kikadondoka Jumatano, baba alipovuta tyubu? Je, nikikigusa bila ruhusa na nisikipate? Niliyageuza mambo haya mpaka walimu wakadhani nina malaria.

Jumamosi landi nzima ilikuwa getini. Nyapara alikuja na daftari na kalamu sikioni. Fundi aliketi juu ya debe lake, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari za fimbo. Mkewe alisimama nyuma yake akiwa ameshika ufagio ambao hakufagia nao.

Baba aligeuza baiskeli miguu juu, akavuta tyubu ya gurudumu la nyuma, akapitisha kiganja ndani ya tairi. "Safi. Nyapara, gusa mwenyewe."

Nyapara, ambaye alikuwa amepigilia mataruma ya reli miaka kumi kabla ya kupewa daftari, akapitisha mkono wake. "Safi."

Wakaitwa mashahidi. Mtia makaa mwenzake baba akagusa: safi. Mfunga mabehewa akagusa: safi. Mikono minne mizito ilizunguka tairi lile, na yote ikasema neno moja.

"Niruhusuni na mimi," fundi akasema.

"Wewe usiguse!" baba akamkatiza. "Utaweka kitu."

"Nitaweka nini, mzee? Nina vidole tu."

Nyapara akatoa kalamu sikioni.

Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Nilijiona niko mbele ya baiskeli, rula mkononi. Nikaiweka kwenye tundu la valvu, nikahesabu inchi tisa, nikaingiza kidole. Hakuna kitu. Baba aliniita jina langu lote, lile la ubatizo na la ukoo. Nikahama upande wa pili wa valvu, inchi tisa, nikaingiza kidole tena, nikapiga yowe lililosikika, nadhani, hadi ziwani.

Damu ilikuwa tone moja. Fundi aliruka kutoka kwenye debe na koleo lake, akapekua ndani ya tairi, akavuta ncha ya mwiba wa mgunga, nyembamba kama sindano ya kushonea na fupi kuliko punje ya mchele. Akaiinua watu waione. Kisha akamwendea baba.

"Mzee, nipe mkono."

Baba akampa, akidhani ni wa amani. Fundi akaukandamiza mwiba katikati ya kiganja, akausukuma.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?" baba akauliza.

"Na hapa?"

"Fundi, acha mchezo. Weka huo mwiba wako tuone."

"Lakini nimeuweka!"

Baba akatazama chini. Mwiba ulikuwa umesimama wenyewe kwenye sugu ya kiganja chake, wima, kama mlingoti. Mtia makaa mwenzake akauchukua akajichoma, hakusikia. Nyapara naye akajaribu. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini, lakini baba hakuketi wala hakucheka. Aliendelea kukitazama kiganja chake. Kisha akamwambia nyapara, "Rudisha kalamu sikioni. Nimemwonea mtu." Akalibeba gurudumu zima, akaliweka miguuni pa fundi, akachuchumaa kando yake kungoja zamu kama mteja mwingine. Mke wa fundi akaanza kufagia.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi. Wanaume wa landi hawakuamini tena viganja vyao. Walikuja na matairi, wakanitoa kwenye maharagwe, nikapitisha kidole nikiwa nimefumba macho, na nyanya akasimama kando akiwaonya wasinimalize vidole, navihitaji kwa kuandika. Fundi akatangaza getini kwamba ana msaidizi aliyesoma.

Leo nimeizunguka landi yote. Nyumba zimepakwa rangi nyingine, na mahali pa debe la fundi pamewekwa kibanda cha kuuza soda. Yeye na mkewe walihamia Mai Mahiu zamani, wenyewe, kwa hiari yao, wakafungua duka. Injini za mafuta zinapita bila kuacha masizi kwenye nguo za mtu, na vijana wanaoziendesha wana viganja kama vya makarani. Mwiba wa mgunga wangeusikia bila shida. Nguo zinaanikwa zikakauka nyeupe. Ni vizuri, nakubali. Ila nimekaa nyumbani kwa baba tangu juzi, na hajabisha hodi hata mtu mmoja mwenye gurudumu begani, akiuliza kama yule mtoto wa vidole yuko.